Tulivyojifunza Kuzisoma Hesabu za Chama Chetu

Nalima kahawa Uru, juu ya mji wa Moshi, na ni mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, hiki ambacho siku hizi kila mtu anakiita AMCOS. Nikiulizwa ushirika umenipa nini, naona kabisa anayeuliza anasubiri nitaje bei ya kilo. Bei siidharau, ada za wanangu zilitoka humo. Ila bei hupangwa na soko la dunia. Mwaka huu iko juu, mwakani imeanguka, na hakuna mkulima wa Kilimanjaro aliyeulizwa maoni yake. Ninachokithamini zaidi ni kwamba ndani ya chama sisi watu wa kawaida kabisa, wengi wetu wa darasa la saba na wengine hata hilo hawakulifikia, tulijifunza kumuuliza kiongozi bila woga: fedha yetu iko wapi, nani aliidhinisha, karatasi yake ni ipi. Ukishaupata ujuzi huo kwenye kahawa, haubaki kwenye kahawa.

Vijana wengi wanadhani ushirika uliletwa na serikali baada ya uhuru. Sivyo. Enzi za Mwingereza walowezi wenye mashamba makubwa hawakutaka Mwafrika alime arabika, aina ya kahawa inayolimwa huku mlimani. Walidai mashamba yetu madogo yataeneza magonjwa na kwamba wizi wa kahawa utazidi. Wakulima hawakungoja kutetewa. Mwaka 1925 waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Kupitia chama hicho walipata dawa za mibuni na kuuza kahawa yao kwa pamoja. Sheria ya vyama vya ushirika ilipopitishwa mwaka 1932, mwaka uliofuata kikazaliwa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi, na vyama vya msingi vikaenea mlima mzima.

Kuna sehemu ya historia hiyo ambayo husemwa kwa nadra, nami napenda kuisema. Mwaka 1937 wakulima walichachamaa. Walikuwa wanalazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia ushirika huku bei ikiwa imeshuka, na zikazuka vurugu. Wengine huona aibu kuikumbuka habari hiyo. Mimi naiona ni heshima kwa wazee wetu. Walikiona chama kuwa ni chao, na mtu hakasirikii hivyo kitu ambacho si chake.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya chama. Alitusimulia jinsi mwaka 1976 serikali ilivyovunja vyama vikuu vya ushirika nchini na kazi zao kupewa mamlaka za mazao za serikali. Mali zilizojengwa kwa kahawa ya wakulima zikawa mikononi mwa watu ambao mkulima hawezi kuwaita kikaoni. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, majengo na vibao vikarudi pia, lakini kwa maelezo yake watu walirudi kuuza kahawa tu. Mkutano ukiitishwa walituma mtoto akasikilize. Nadhani hapo ndipo palipoharibika zaidi, kuliko hata kwenye mali iliyopotea. Watu wakiishazoea kwamba chama kinaweza kuondolewa kwa tamko na kurudishwa kwa tamko, wanaacha kukihesabu kuwa chao.

Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda huku na fedha taslimu, wakanunua mlangoni kwa mtu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilianguka vibaya, na hapo wengi wakakata tamaa. Kwenye vihamba vya jirani zangu, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba, mibuni iliachwa ikazongwa na magugu katikati ya migomba, na waliokuwa na maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, wakahamia kwenye nyanya na mboga. Sikuwalaumu. Nyanya inalipa baada ya miezi michache. Kahawa unaipalilia, unaipogolea, unaipulizia dawa, halafu unangoja.

Sasa niseme jinsi nilivyoingia mimi. Kwa miaka mingi jina kwenye daftari la chama lilikuwa la mume wangu, kwa sababu kihamba ni cha ukoo wake. Kazi ilikuwa yangu. Yeye alikuwa akifanya kazi Arusha na kurudi mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyechuma, nikamenya, nikaosha, nikaanika, nikabeba gunia hadi ghalani. Malipo yakitoka, yanaitwa kwa jina lake, naye asipokuwepo nilitakiwa nije na barua. Wanawake wengi tulikuwa hivyo hivyo. Hakuna sheria iliyotukataza kuwa wanachama, ila desturi ilitosha. Mambo yalibadilika pale mkutano mkuu ulipokubali kuandikisha mke mwenye mibuni aliyokabidhiwa na familia. Mume wangu alinikabidhi upande wa chini wa kihamba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, nikalipa kiingilio na hisa, nikapewa namba yangu. Tangu siku hiyo nauza kwa jina langu, na kura yangu ni moja kama ya mwenye mibuni mingi kuliko wote.

Kura moja kwa kila mwanachama: wanaotoka kwenye makampuni wakisikia hilo huona ni utaratibu wa ajabu. Kwetu huku ndiyo nguzo. Mwenye gunia moja anaweza kumsimamisha mwenye magunia hamsini na wote wakakaa kimya kusikiliza.

Nililishuhudia jambo hilo ghalani msimu mmoja, na sijalisahau. Karani alikuwa akipunguza kilo moja na nusu kwa kila gunia, akisema ni uzito wa gunia lenyewe. Kila mtu alinung'unika njiani, hakuna aliyesema ndani. Bibi mmoja mjane, ambaye kahawa yake huwa haijazi hata gunia, alikuja siku hiyo na gunia la katani tupu amelikunja kwapani. Zamu yake ilipofika akaliweka juu ya mizani.

"Mwanangu, pima na hili."

"Bibi, hili ni tupu."

"Ndiyo. Lipime hivyo hivyo lilivyo tupu."

Karani akasita, akatutazama tuliokuwa kwenye foleni. Mshale wa mizani haukufika hata kilo moja. Bibi akamwomba aandike ule uzito kwenye daftari pamoja na tarehe, na karani akaandika. Basi. Hakupiga kelele wala kumtukana mtu. Aliyekuwa nyuma yake akadai hesabu ileile, na wa nyuma yake tena. Bodi ilipokutana, ikaamua kwamba magunia matupu yapimwe hadharani mwanzoni mwa msimu na uzito wake ubandikwe ukutani karibu na mizani. Nusu kilo na zaidi ya ziada kwa gunia inaonekana kidogo, lakini ilikuwa ikikatwa kwa kila mwanachama, msimu hadi msimu, na hakuna aliyeweza kutuambia ilikuwa inakwenda wapi.

Jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye kidogo. Wasiolima kahawa wanapaswa kujua kwamba sisi hulipwa kwa awamu. Ukipeleka ghalani kahawa ya maganda, yaani iliyomenywa na kukaushwa lakini bado ina ganda la ndani, unapewa malipo ya awali. Kahawa inakusanywa, inapelekwa kiwandani mjini kukobolewa na kupangwa madaraja, inauzwa mnadani, na baada ya gharama kuondolewa ndipo yanapokuja malipo ya pili. Msimu huo malipo ya pili hayakuja. Miezi ikapita. Maneno yakazagaa kila kilabu cha mbege: wameiba, wamejenga, wamenunua pikipiki. Watu walianza kuapa kwamba msimu ujao hawataleta hata punje.

Tulikuwa na bahati ya kuwa jirani na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika. Wanafunzi wake huja vijijini kwa mafunzo ya vitendo, na mwaka huo binti mmoja alikuwa kwetu. Alikuwa mpole, shikamoo kwa kila mtu, ila kwenye hesabu hakuwa na mzaha. Baadhi yetu tulimwomba atufundishe kusoma taarifa ya chama kabla ya mkutano mkuu. Akakubali, kwa sharti kwamba bodi iruhusu. Mwenyekiti wa wakati huo hakuwa na namna ya kukataa, kwa sababu taarifa ya hesabu ni haki ya mwanachama. Tukakaa kwenye darasa la shule ya msingi, Jumapili baada ya ibada, madawati ya watoto yakitubana magoti.

Kwanza alituonyesha karatasi ya mnada. Inaandikwa daraja la kahawa (AA, A, B, PB na kuendelea), idadi ya magunia, kilo, na bei. Bei ile ilikuwa kwa dola za Marekani kwa gunia la kilo 50. Wengi wetu tulikuwa tumeisikia redioni miaka yote tukidhani ni bei ya gunia letu tunalobeba kichwani. Akatugawia vipande vya karatasi tugeuze wenyewe: gawanya kwa 50, zidisha kwa kiwango cha dola cha siku hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa fundi seremala alikuwa wa kwanza kupata jibu, akainua kalamu juu kama mtoto wa shule.

Halafu likaja suala la kilo zilizopotea. Mzee mwingine alikuwa na ushahidi wake, alikuwa ameutunza: kwa kila kilo 100 ambazo chama kilipeleka kiwandani, zilizouzwa ni kama 80. "Hizo 20 wamekula!" Darasa zima likaitikia. Binti akatoa kahawa ya maganda mfukoni, akaibambua ganda kwa meno, akatuonyesha punje iliyobaki na ganda lililotoka. Ganda lina uzito. Kilo 100 za kahawa ya maganda zikikobolewa hubaki kilo 80 hivi za kahawa safi. Tulikuwa tumewaita viongozi wetu wezi kwa kitu ambacho si wizi. Nililiona hilo kuwa jambo zito: hesabu iliyofichwa humchafua hata asiye na kosa.

Lakini tulipofika kwenye mapato na matumizi, mambo yakawa mengine. Kipengele cha kwanza kilikuwa riba. Chama hukopa benki ili kilipe malipo ya awali, na riba inahesabiwa tangu siku mkopo unapotoka. Kahawa yetu ilikuwa imekaa ghalani muda mrefu bila kupelekwa kiwandani, kwa uzembe tu wa kutafuta gari, na riba ikaendelea kula. Kipengele cha pili kilikuwa posho za vikao. Vikao vilikuwa vingi mno, na posho ilizidi makisio tuliyoyapitisha. Hapo hapakuwa na ganda la kusingizia.

Mkutano mkuu ulijaa kuliko wakati wowote niliowahi kuuona. Afisa ushirika wa wilaya alikuwepo. Mwenyekiti alipoanza kusoma taarifa harakaharaka kama ilivyokuwa kawaida, mama mmoja akainuka: "Mwenyekiti, samahani, rudi kipengele cha posho. Kwenye makisio tuliidhinisha kiasi gani?" Swali lilikuwa fupi na lenye adabu, na haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Yakafuata ya riba, ya gari, ya tarehe kahawa ilipotoka ghalani. Hadi jioni bodi ilikuwa imejiuzulu, posho zilizozidi zikawekewa utaratibu wa kurudishwa kwa awamu, na tukachagua bodi mpya yenye wanawake. Malipo ya pili tuliyapata mwishowe, madogo kuliko tulivyotarajia, yakiwa na maelezo mstari kwa mstari. Msimu uliofuata wengi wa walioapa waliileta kahawa yao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kwamba daftari nalo bila msomaji ni karatasi tu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaupa mkutano mkuu mamlaka ya mwisho; wapo wakaguzi wa COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, yupo Mrajis wa vyama hivyo, na chama hakitakiwi kukopa zaidi ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Yote hayo yalikuwepo wakati sisi tunakatwa ile nusu kilo na zaidi. Yalianza kutusaidia pale wanachama wenyewe tulipojua cha kuuliza.

Faida yake nje ya kahawa niliiona kwanza shuleni. Wazazi tulikuwa tukichangishwa kwa ajili ya vyoo vya wasichana, mwaka baada ya mwaka, na vyoo havionekani. Kwenye kikao cha wazazi mama yuleyule wa kipengele cha posho akaomba taarifa ya mapato na matumizi, iliyoandikwa, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi. Baba mmoja akamwambia akae, hapa si kwenye AMCOS. Akajibiwa na watu kama kumi kwa pamoja. Taarifa ikabandikwa, michango iliyokuwa imelala ikajulikana ipo kiasi gani, pengo likajulikana, na kamati mpya ikatafuta mafundi. Vyoo vipo, vina maji na milango inayofungwa kwa ndani. Ukimuuliza msichana yeyote wa darasa la sita na la saba atakuambia mlango unaofungwa una thamani gani.

Nisiseme kana kwamba tunakubaliana kila kitu. Kulikuwa na fedha ya ushuru wa chama iliyobaki, na mkutano ukagawanyika: wengine tulitaka iende kwenye zahanati, wengine walitaka mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa. Mimi nilipiga kura ya zahanati, na tulishindwa. Waliotaka mtambo walijenga hoja kwamba kila nyumba ikimenya na kukausha kivyake, kahawa haiwi na ubora mmoja, na gunia moja lililochachuka kupita kiasi hushusha kundi zima daraja. Kahawa mbivu inatakiwa kumenywa ganda la nje siku ileile ilipochumwa, na kilo tano au sita zake hutoa kilo moja tu ya kahawa ya maganda, kwa hiyo kuibeba ni kazi nzito. Mtambo lazima uwe karibu na mashamba. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na siku ya kuweka vichanja vya kukaushia nilikwenda kufunga nyavu kama wengine. Zahanati bado naitaka, na nitaendelea kuisema.

Yapo ambayo ushirika haujayatatua kwetu. Mtoto akiugua usiku, mtu hangoji malipo ya pili. Anauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anajua kabisa kwamba hana njia. SACCOS yetu, chama cha kuweka akiba na kukopa, husaidia kiasi, hasa mikopo ya ada mwezi Januari wakati fedha ya kahawa imekwisha, lakini mfuko wake ni mdogo. Vihamba navyo vinazidi kugawanywa kwa watoto hadi mtu anabaki na mibuni ya kuhesabika. Na ukitazama kwenye mkutano, mvi ni nyingi.

Vijana waliopo wamekuja kwa mlango ambao sisi hatukuufikiria. Kikundi chao kina kitalu cha miche ya zile aina bora zilizotoka kwenye utafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, zinazostahimili magonjwa ya chule buni na kutu ya majani. Mibuni ya zamani tulikuwa tukiipulizia dawa kwa gharama kubwa. Hii mipya inapunguza gharama hizo sana. Wanauza miche kwa wanachama na kwa vijiji vya jirani, na chama kiliwapa eneo nyuma ya ghala bila kodi kwa misimu ya mwanzo. Wengi wao hawana kihamba. Wanauliza kwa nini uanachama uendane na mibuni wakati wao wanakihudumia chama kila siku, na wanataka masharti yabadilishwe ili wenye vitalu na wanaoendesha mtambo waingie kwa haki zote, na kura ikiwemo. Wazee wengine wanaona ni kukabidhi nyumba kwa wapita njia. Mimi nakumbuka nilivyokuwa nikitakiwa kuja na barua ya mume ili nipokee fedha ya kahawa niliyoianika mwenyewe, kwa hiyo msimamo wangu uko wazi. Hoja hiyo imewekwa ajenda ya mkutano mkuu ujao. Vijana wameshaomba nakala ya masharti na makisio ya mwaka, na wiki iliyopita wawili kati yao walikuja nyumbani tuyapitie pamoja, kipengele kwa kipengele, hadi giza likaingia tukawasha taa tukaendelea.